Mitambo Inafungwa, Kumbukumbu Zisifungwe

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja jioni mjini Antwerp, Ubelgiji, mbele ya wafanyakazi wa bandarini, madereva wa malori na wanafunzi wa kemia wanaozungumza Kiswahili. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke.

Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliotoka maktaba moja kwa moja hadi hapa, habari za jioni.

Kila nikirudi kutoka Brussels, mmoja wenu huniuliza swali lile lile: hicho chama cha petrokemikali, yaani kemikali zinazotokana na mafuta, unachokwenda kukaa nacho kinafanya kazi gani mwaka mzima? Mzee wetu mmoja wa Lubumbashi aliniambia kwamba anavyoona yeye, ni watu wa suti wanaokwenda kula chakula cha mchana na wabunge. Nimekaa kwenye zamu za mtambo miaka 18, na kwenye kamati moja ya usalama miaka 6, kwa hiyo swali hilo ni haki yangu kulijibu. Na mwaka huu kuna sehemu moja ya kazi ya chama inayoninyima usingizi. Nitaifikia.

Nianze na mtambo wenyewe, maana bila kuujua hamtaelewa kwa nini washindani wa biashara wanakaa meza moja.

Mtambo huo sisi tunauita kraka. Unapokea nafta, yaani mafuta mepesi yanayotoka kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi, unayachanganya na mvuke, na kuyapitisha katika mabomba yaliyo ndani ya tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 800. Humo hayakai hata sekunde moja. Yakitoka yameshapasuka vipande vidogo vidogo, na hapo hapo ni lazima yapozwe, la sivyo vipande vitaungana tena na kuwa lami na makaa. Kisha gesi inashindiliwa kwa kompresa, inapozwa mpaka chini ya nyuzi 100 za baridi, na kutenganishwa katika minara mirefu. Ndiko zinakopatikana ethilini, propilini, butadieni na benzini (benzene, si petroli), malighafi za plastiki na mpira. Kutoka kwenye tanuri linalowaka hadi kwenye mnara wa baridi kali ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na mtu wa zamu anapita kotekote usiku mmoja.

Dumu la njano analochotea maji binti wa Goma, sirinji kwenye zahanati ya Kigoma, ganda la waya wa umeme uliomo ukutani humu, gurudumu la lori unaloendesha wewe ndugu yangu pale nyuma: ukifuata nasaba ya vitu hivyo vyote utaishia kwenye tanuri la namna hiyo.

Sasa, ethilini ni gesi isiyopenda safari. Kuisafirisha kwa meli kunataka baridi kali na gharama kubwa, kwa hiyo njia yake ya kawaida ni bomba. Hapa Antwerp tumeunganishwa na mtandao wa mabomba ya ethilini unaopita Limburg na kufika Cologne na bonde la Ruhr. Kampuni zinazogombania wateja huingiza gesi na kuchota gesi katika bomba hilo hilo. Kraka ya mmoja ikizima ghafla usiku, jirani yake naye ataona presha ikishuka. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya chama kuwapo: hawa ni wapinzani ambao mitambo yao inapumua kwa mshipa mmoja.

Watu wengi huchanganya vyombo viwili. Kipo EPCA, Chama cha Petrokemikali cha Ulaya, kilichoanzishwa mwaka 1967, ambacho kazi yake kubwa ni kuwakutanisha wauzaji, wanunuzi na wasafirishaji. Mkutano wake mkuu wa kila mwaka, wa majira ya vuli, umekuwa ukifanyika katika miji kama Berlin na Vienna, na chenyewe hakijiingizi katika kushawishi serikali. Halafu lipo kundi la Petrochemicals Europe, lililo ndani ya Cefic, baraza la viwanda vya kemikali la Ulaya lililoanza mwaka 1972. Hili ndilo linalozungumza na Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, linalokusanya takwimu za uzalishaji, na linalochora ramani ya kraka zote za bara hili. Nikisema chama jioni hii, nina maana ya upande huu wa pili.

Mkiingia kwenye kikao chochote, jambo la kwanza mtakalosikia ni sheria ya ushindani ikisomwa. Bei hazitajwi. Kiasi anachopanga mtu kuuza hakitajwi. Mwanasheria anakaa chumbani mpaka mwisho, na mtu akiteleza anakatizwa. Vijana wanaokuja mara ya kwanza huona ni desturi tu ya kupoteza dakika tano. Nawaambia wakumbuke Julai 2020. Mwezi huo Tume ya Ulaya ilizitoza kampuni tatu, Orbia, Clariant na Celanese, faini ya jumla ya euro milioni 260 kwa kupanga pamoja, kama wanunuzi, ili bei ya ethilini ishuke. Ya nne, Westlake, ilisamehewa faini kwa kuwa ndiyo iliyofichua. Mimi naiheshimu hiyo desturi ya kusoma sheria. Lakini woga wake umekwenda mbali kuliko ulivyotakiwa, na nitaeleza kwa nini.

Sehemu kubwa ya mwaka wa chama ni karatasi. Tangu sheria ya REACH ianze kufanya kazi Juni 2007, kila anayezalisha au kuingiza kemikali Ulaya kwa tani moja au zaidi kwa mwaka lazima aisajili katika shirika la kemikali lililoko Helsinki, akionyesha madhara yake na namna ya kuitumia salama. Kampuni kumi zinazotengeneza benzini zingefanya majaribio yale yale mara kumi, tena mengine kwa wanyama. Chama kimesaidia wakusanye takwimu zao pamoja na kugawana gharama. Ni kazi isiyo na picha za magazetini, na ni nzuri.

Barua kwa wakubwa ndizo zinazosikika zaidi. Tarehe 20 Februari 2024, hapa hapa mjini kwetu, viongozi 73 wa viwanda walisaini Azimio la Antwerp mbele ya rais wa Tume ya Ulaya, Ursula von der Leyen, wakidai nishati nafuu na sheria zisizogongana. Julai 2025 Tume ikatoa mpango wa utekelezaji kwa ajili ya viwanda vya kemikali. Hoja yao ina uzito. Agosti 2022 bei ya gesi asilia Ulaya ilipita euro 300 kwa saa-megawati, wakati miaka michache kabla ilikuwa karibu 20. Marekani nako wana ethani, gesi nyingine inayoweza kulishwa kraka badala ya nafta, ya bei rahisi na inayotoka kwenye miamba yao, rahisi kiasi kwamba tangu Machi 2016 meli zinaivusha Atlantiki mpaka Rafnes, Norwe, na bado inalipa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ulaya ilikuwa na zaidi ya robo ya mauzo ya kemikali duniani. Leo ni kama asilimia 13.

Nakubaliana na chama kwamba kufunga kraka ya Ulaya hakupunguzi hata dumu moja la plastiki duniani, kunahamisha tu moshi wake. Sikubaliani nacho pale hoja hiyo inapotumika kuomba kila sheria icheleweshwe. Chukueni chembe za plastiki, zile punje ndogo kama dengu zinazomwagika kwenye maghala na bandari. Kwa miaka mingi viwanda viliahidi kuzidhibiti kwa hiari. Mkitembea kando ya mto Schelde mtaziona kwenye matope bado. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria mwaka 2025, na mimi nasema imechelewa. Na msidhani ni habari ya huku pekee. Machi 2022, Nairobi, ndipo mataifa yalipokubaliana kuandika mkataba wa dunia kuhusu plastiki. Kenya ilikuwa imeshapiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalivunjika bila makubaliano. Watu wa viwanda wanaokwenda kwenye meza hizo wajue kwamba wenzetu wa nyumbani wameshaamua mambo yao kabla yao.

Kuhusu usafirishaji sitasema mengi, madereva mnaujua kuliko mimi. Ule ukaguzi wa usalama na ubora, SQAS, mnaofanyiwa ni mfumo wa Cefic, na ule mpango wa ICE unaoleta mtaalamu wa kemikali kwa simu lori likipinduka popote Ulaya nao ni wao. Mwaka 2018 mto Rhine ulikauka mpaka kipimo cha maji cha Kaub, Ujerumani, kikasoma sentimita 25, matishari yakashindwa kupita na shehena kamili, na kampuni ya kemikali ya BASF peke yake ikasema imepoteza kama euro milioni 250. Tangu hapo wanachama wamekaa kuzungumzia matishari ya kina kifupi na nafasi kwenye reli. Hayo yanakwenda vizuri.

Nimefika kwenye lile linaloninyima usingizi.

Tarehe 1 Juni 1974, Flixborough, Uingereza. Kiwanda kilikuwa na matangi sita ya mchanganyo yaliyopangwa mstari mmoja. La tano likapata ufa, wakaliondoa, na wakaunganisha la nne na la sita kwa bomba la muda. Mchoro wa bomba hilo uliandikwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Miezi michache baadaye bomba likaachia, wingu la gesi likalipuka, watu 28 wakafa. Ilikuwa Jumamosi. Ingekuwa siku ya kazi, ofisi zingekuwa zimejaa.

Tarehe 7 Novemba 1975, Beek, Limburg ya Uholanzi, saa moja na nusu tu kwa gari kutoka hapa. Kraka ilikuwa inawashwa upya. Propilini ikavuja mahali ambapo chuma kilikuwa kimepoa kupita kiasi, na chuma kilichopoa hivyo hakipindi, kinavunjika kama kigae. Watu 14 walikufa.

Tarehe 14 Januari 2020, Tarragona, Hispania. Tangi la mtambo wa oksidi ya ethilini lililipuka. Wafanyakazi wawili walikufa, na wa tatu alikuwa mtu aliyekaa nyumbani kwake, zaidi ya kilomita mbili kutoka kiwandani. Bamba la chuma liliruka likaangukia jengo alimoishi.

Kwa nini nawasomea vifo jioni ya leo? Kwa sababu mimi niko hai kwa ajili ya kimojawapo.

Nilikuwa na miaka miwili kazini, kiwanda sikitaji. Usiku wa Januari tulikuwa tunarudisha mtambo baada ya matengenezo makubwa, tumechelewa siku tatu, na kila nusu saa simu ilikuwa inaita kutoka juu. Kwenye chombo kimoja cha upande wa baridi niliona barafu nyeupe imeota mahali isipotakiwa kuwapo. Kipimo cha joto kwenye skrini kilisema hali ni nzuri. Nikaamini skrini. Nikauliza kwa redio kama nipandishe presha, na chumba cha udhibiti wakasema pandisha. Msimamizi wetu wa zamu, mzee aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, akaingilia kwenye redio kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake: "Ondoa mkono wako kwenye vali. Ondoka hapo." Alikuja kwa miguu, akasimama mbali, akaitazama ile barafu, akaamuru chombo kiachwe kipate joto mpaka asubuhi. Tulipokikagua tulikuta kipimo kimewekwa mahali pabaya, kilikuwa kinasoma joto la bomba la jirani. Chuma chenyewe kilikuwa kimeshuka chini kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa kupewa presha.

Nilimuuliza alijuaje. Akaniambia mwaka 1975 alikuwa kijana wa miaka 23, anafanya kazi Limburg, na kishindo cha Beek alikisikia kwa masikio yake. Waliofanya kazi na marehemu walimsimulia barafu ilivyokuwa. Hakuna kitabu cha mafunzo nilichokuwa nimepewa kilichoandika habari ya rangi ya barafu.

Chama kinakusanya takwimu za usalama kila mwaka. Kampuni wanachama hupeleka hesabu: uvujaji mara ngapi, majeruhi wangapi kwa kila saa milioni moja za kazi. Ni hesabu za kweli na zinasaidia kuona tunakwenda wapi. Lakini hesabu haiwezi kukwambia skrini ilisema nini, simu ilikuwa inatoka kwa nani, na mkono ulikuwa kwenye vali ipi. Hadithi hizo zinasimuliwa wahandisi wanapokutana, kwenye kahawa, nje ya ukumbi. Zikikaribia kuandikwa, wanasheria wa kampuni wanazipunguza mpaka zinabaki sentensi tatu. Hapo ndipo ninaposema woga umezidi. Sheria ya ushindani inakataza kuambiana bei. Haijawahi kukataza kuambiana jinsi mwenzako alivyonusurika.

Na sasa wenye hadithi wanaondoka. Kraka ya Gravenchon, Ufaransa, imefungwa mwaka 2024. Geleen, kwenye eneo lile lile la mlipuko wa 1975, moja ya kraka zilizobaki ilifungwa mwaka huo huo. Brindisi na Priolo, Italia, zimezimwa 2025. Böhlen, Ujerumani, imepangiwa mwisho wa 2027. Mossmorran, Uskoti, tangazo la kuifunga lilitoka Novemba 2025. Kila moja ina watu wa miaka thelathini na arobaini kazini, wanaojua mlio wa kompresa inapoanza kuumwa. Siku ya mwisho wanapewa barua, saa ya ukutani na keki. Anayefuta mafaili kwenye kompyuta mara nyingi ni mkandarasi ambaye hajui anachofuta. Na wakati huo huo hapa bandarini kampuni ya INEOS inaleta kraka mpya itakayotumia ethani. Itaendeshwa na vijana, huenda wengine ni nyinyi mlioketi mstari wa mbele. Watawashiwa skrini nzuri sana.

Kwa hiyo mwaka huu nimeandika pendekezo. Kabla kraka yoyote haijazimwa mara ya mwisho, chama kipeleke watu wawili, mhandisi mmoja na fundi mmoja mstaafu, wakae pale wiki mbili. Wasikilize wafanyakazi kwa lugha yao, Kiitalia kwa Waitalia, Kijerumani kwa Wajerumani. Waandike kila tukio la kunusurika linalokumbukwa, waondoe jina la kampuni na jina la mtu, watafsiri, wapeleke kwenye kila chumba cha udhibiti kilichobaki Ulaya. Nimepiga hesabu ya gharama: haifiki hata gharama ya ukumbi wa mkutano mmoja mkubwa. Wapo walioniambia ni jambo zuri ila si wakati wake, maana viwanda vinapigania uhai. Nimewajibu kwamba tukisubiri miaka mitatu hakutakuwa na wa kumhoji.

Sehemu ya pili ya pendekezo inawahusu nyinyi moja kwa moja, na hii nawaomba mnisikilize vizuri, hasa mliofanya kazi chini ya wakandarasi.

Benzini inasababisha saratani ya damu, na inaweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Umoja wa Ulaya umeshusha kiwango kinachoruhusiwa kwenye hewa ya kazini: kilikuwa sehemu 1 katika milioni, kikawa 0.5 mwaka 2024, na kuanzia Aprili 2026 ni 0.2. Sheria pia inataka kumbukumbu za wafanyakazi waliokutana na kemikali za saratani zihifadhiwe miaka 40 baada ya kuacha kukutana nazo. Sasa fikirini: aliyesafisha tangi la benzini mwaka 2010, akaajiriwa na kampuni ndogo ya usafi iliyokwisha kufa, ndani ya kiwanda ambacho nacho kinafungwa, karatasi zake ziko wapi? Akiugua mwaka 2035 daktari atamuuliza, na yeye atakuwa na maneno matupu. Nimewaona watu wa kwetu kwenye kazi hizo, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, wameingia kwenye mashimo ambayo mwenye kiwanda hakumtuma mtu wake. Nimeomba chama kiwatake wanachama wake, kabla ya kukabidhi funguo, wapeleke kumbukumbu hizo zote kwa mamlaka ya serikali, za wafanyakazi wao na za wakandarasi sawasawa, na kila mtu apewe nakala yake mkononi.

Kamati inakaa Machi. Mstari wa kwanza wa pendekezo umekubalika, wa pili bado unabishaniwa, na nimeambiwa nilete mifano. Daftari hili hapa. Jina lako sitaliandika. Nataka mwaka, aina ya tangi, siku ngapi, ulivaa nini usoni, na kama kuna mtu aliyewahi kukupima hewa. Nitakaa meza ile ya karibu na mlango mpaka ukumbi ufungwe, na dada zetu wa jikoni wameniahidi chai haitaisha.